Urefu Uwe wa Tela, Usiwe wa Gari

Barabara ya kutoka Mtwara mjini inapofika Kilambo hukutana na Mto Ruvuma na kukoma hapo. Ng'ambo ni Msumbiji. Mwenye gari anayetaka kuvuka husubiri kivuko, MV Kilambo, na kivuko nacho husubiri maji yajae, kwa kuwa mdomo huu wa mto umejaa mafungu ya mchanga na bahari huingia na kutoka humo mara mbili kwa siku. Asiyetaka kusubiri itabidi apande juu hadi Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Kutoka hapa si karibu.

Mahali pa namna hii ndipo kirefusho kinapopendwa. Nazungumzia kile kipande cha bomba la mraba, cha nusu mita hivi, ambacho upande mmoja huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya bampa ya nyuma na kufungwa kwa pini, na upande wa pili hupokea mkono wenye tufe la chuma linalokaliwa na tela. Sababu za kukitaka ni za kweli. Pwani hii kuanzia Mikindani hadi Msimbati ina fukwe za mteremko mdogo, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwenye boti ya faiba anayeshusha tela majini hujikuta tairi za nyuma za gari zimelowa chumvi kabla boti haijaelea. Mwingine pikapu yake imebeba nguzo zinazochomoza nyuma, au mlango wa nyuma unagonga jeki ya tela kila anapoufungua. Wote hao wana haki ya kutafuta urefu.

Ninachopinga ni maneno yanayokiuza kirefusho. Nimeyasikia gerejini, ufukweni na kwenye foleni ya kivuko, na karibu yote yana kosa moja: hayatofautishi kurefusha gari na kurefusha tela. Kwa macho ni jambo moja, maana sentimita ni zile zile. Gari likianza kwenda, ni mambo mawili yanayopingana.

Neno la kwanza ni hili: "Chuma kikiwa kinene, urefu si kitu."

Tufanye hesabu. Tuseme tela, boti na mashine yake vina jumla ya kilo 800, na uzito unaokandamiza tufe ni kilo 80. Bila kirefusho, kutoka kwenye pini ya soketi hadi kwenye tufe ni kama sentimita 25. Nguvu ya kupinda pale kwenye soketi ni 80 mara 25, yaani 2,000. Ongeza kirefusho cha sentimita 45, umbali unakuwa 70, na nguvu ile inakuwa 5,600. Uzito haukuongezeka hata gramu moja, lakini soketi sasa inapindwa karibu mara tatu. Hapo gari limesimama tu. Likipita shimo, tela hupiga chini na kurudi juu, na pigo hilo huwa kubwa kuliko uzito wenyewe kwa mbali.

Unene wa chuma unasaidia nini hapo? Unakilinda kirefusho chenyewe. Hauvilindi vinavyokishikilia. Kirefusho kigumu kisichopinda hupeleka nguvu yote kwenye mdomo wa soketi, kutoka hapo kwenye bolti nne au sita zilizoishikilia, na kutoka kwenye bolti hadi kwenye ncha za chesisi. Fundi anayeniambia ametumia bomba zito la milimita nyingi ameniambia habari za kiungo kimoja katika mnyororo wa viungo vinne. Mimi namuuliza habari za vile vitatu vingine, hasa bolti, na mara nyingi hakuna aliyezigusa tangu gari lishuke bandarini.

Kuna na magurudumu ya mbele. Toyota Hilux ya milango minne, kuanzia toleo la mwaka 2005, ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kila kilo unayoiweka nyuma ya ekseli ya nyuma huinyanyua pua ya gari kidogo, na inaponing'inia mbali zaidi huinyanyua zaidi. Kwa kilo 80 tofauti si ya kutisha: kama kilo 34 zinaondoka mbele bila kirefusho, kama 45 ukiwa nacho. Ila pakia na magunia ya korosho nyuma ya pikapu, kama watu wanavyofanya kuanzia Oktoba msimu unapofunguka, na usukani utauona mwepesi kwenye mchanga. Usukani ukiwa mwepesi, tairi za mbele hazikamati.

"Soketi imeandikwa kilo 2,000, na boti yangu haifiki hata nusu yake, kwa hiyo nina nafasi kubwa." Hili husemwa na watu makini, wale wanaosoma vibati, ndiyo maana linahitaji jibu la heshima. Namba ile ilipimwa tufe likiwa mahali pake pa kawaida. Haikupimwa na bomba la nusu mita likichomoza. Watengenezaji wa virefusho wenyewe huonya kwamba ukikitumia, uwezo wa soketi ushushwe, na wengi huandika wazi kuwa ushushwe kwa nusu, katika kuvuta na katika uzito unaokandamiza tufe. Na katika msururu wote wa tufe, mkono, kirefusho, soketi na gari lenyewe, namba inayotawala ni ile ndogo kuliko zote. Kirefusho kilichokatwa na kuchomelewa mtaani hakina kibati wala namba. Mwenye nacho anavuta kwa kukisia.

Sasa nifike kwenye neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye madhara kuliko yote: "Mkono ukiwa mrefu, tela halichezi."

Lina nusu ya ukweli, na ndiyo maana limeenea. Ni kweli kwamba tela ambalo mkono wake lenyewe ni mrefu hutulia. Umbali kati ya tufe na ekseli ya tela ukiwa mkubwa, tela hufuata gari polepole, halikurupuki, na hata kurudi nyuma huwa rahisi, kwa sababu linachelewa kukunja. Kila dereva aliyewahi kurudisha nyuma tela fupi la kuchotea maji, kisha akarudisha tela refu la boti, anajua ninachosema.

Lakini umbali huo ni wa tela. Kirefusho hakiuongezi hata sentimita moja. Kinachoongeza ni umbali mwingine, ule wa kati ya ekseli ya nyuma ya gari na tufe, na huo kazi yake ni kinyume kabisa. Tela linapoyumba, husukuma tufe kulia na kushoto. Tufe likiwa karibu na ekseli ya nyuma, msukumo huo haupati nafasi ya kuligeuza gari. Likiwa mbali, linakuwa wenzo: tela linaukamata mkia wa gari na kuuzungusha, gari linageuza pua upande wa pili, dereva anarekebisha usukani, tela linajibu, na kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Dereva hudhani upepo, au tairi. Hushika breki, na breki ya gari pekee, tela likiwa halina breki, humaliza shughuli kwa kukunja vyote viwili kando ya barabara.

Anayetaka ushahidi asimame kwenye barabara ya Mtwara kwenda Lindi atazame malori ya semi yanayopita na saruji kutoka kiwanda cha Dangote, au yale yanayoshusha makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma kuja bandari ya Mtwara. Aangalie pini ya tela imekalia wapi. Imekalia juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa cha lori, si nyuma yake. Waliounda magari ya kubeba makumi ya tani walikuwa na uhuru wa kuiweka pini popote, wakaiweka pale ambapo tela haliwezi kuutikisa mkia wa lori. Sisi tunavuta robo tatu ya tani au tani moja, na tunaisogeza pini nyuma kwa hiari yetu, na kulipia juu.

Kutoka hapo huzaliwa dawa mbaya kuliko ugonjwa: "Sogeza mzigo nyuma ya tela, mkono utakuwa mwepesi, kirefusho hakitaumia." Hesabu ya kupinda itakubali. Barabara itakataa. Tela ambalo uzito wake mwingi uko nyuma ya ekseli yake huyumba lenyewe, hata bila kirefusho. Marekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie tufe. Ulaya huridhika na pungufu ya hapo. Hakuna anayeshauri sifuri. Na matela ya boti tayari yana tabia ya kulemea nyuma, kwa sababu mashine inaning'inia mwisho kabisa wa boti. Mashine ya nguvu farasi 40 peke yake ina kilo 70 hivi, na tangi la mafuta na nanga mara nyingi viko jirani yake.

Kujua tufe linabeba nini hakuhitaji kifaa cha kigeni. Simamisha tela mahali sawa, tegemeza ncha ya mkono wake kwenye kipande cha mti kilichosimama juu ya mzani, mkono ukiwa kwenye kimo kile kile unachokaa ukiwa umefungwa, kisha soma. Mzani unaopimia magunia ya korosho ghalani unatosha kabisa. Namba ikiwa ndogo mno, sogeza boti mbele kwenye tela, au fundi aisogeze ekseli nyuma. Ikiwa kubwa mno, kinyume chake. Huo ni mchana mmoja wa kazi, na hufanywa mara moja tu.

"Huku kwetu hatuendi kasi. Hayo ya kuyumba ni ya lami." Hapa nakubali nusu. Kwenye mchanga wa Msimbati hakuna anayeyumba kwa mwendo wa kilomita 80. Lakini mchanga una ubaya wake. Tairi ikizama kwenye mchanga mlegevu, nguvu inayohitajika kulivuta tela huwa zaidi ya mara kumi ya ile ya lami, na haiji taratibu: gari linakwama, dereva anarudi nyuma kidogo, anakanyaga mafuta, tela linashtuliwa. Kila mshtuko unapita kwenye pini. Barabara ya vumbi yenye vimatuta vidogo vilivyopangana hufanya kazi nyingine, ya kupinda na kuachia, kupinda na kuachia, kilomita hadi kilomita, na chuma huchoka kwa mizunguko kuliko kinavyochoka kwa uzito. Kwa hiyo mwendo wa pole unaondoa hatari moja na kuacha mbili.

Halafu kuna mlango wa kivuko. Kilambo si gati la saruji lililonyooka. Gari hushuka ukingoni na kupanda mlango wa chuma, na mwinuko wake hubadilika na maji. Chukua mwinuko wa moja kwa tano. Gari likiwa na tairi za nyuma chini kabisa ya mlango, mkia wake unashuka. Tufe lililo mita 1.3 nyuma ya ekseli linashuka sentimita 26. Ukiongeza kirefusho cha sentimita 45, linashuka 35. Kama chini ya mkono palikuwa na sentimita 40 za nafasi, zimebaki 5, na tairi ikizama kidogo mchangani hizo nazo hazipo. Mkono unalima mchanga, gari linasimama nusu ndani nusu nje, na nyuma yako kuna foleni na maji yanakupwa. Ndiyo maana nashangaa kirefusho kinaposifiwa hapa kuliko mahali pengine, wakati hapa ndipo kinapogusa chini mapema zaidi.

Nitapita haraka kwenye yale ya gerejini, maana majibu yake ni mafupi.

"Ukikichomelea kwenye soketi hakitalegea kamwe." Hakitalegea, na hutaweza kukitoa. Kirefusho kizuri ni kile unachokitoa baada ya kazi. Tena mzigo unaosukuma tufe chini huvuta nyuzi za juu za bomba, kwa hiyo ufa huanzia upande wa juu, kando ya mstari wa kuchomelea, mahali ambapo vumbi na chumvi hulala na rangi huficha. Paguse kwa kucha baada ya kupasafisha kwa brashi ya waya. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka chini ya rangi nzima ni ufa hadi uthibitike vinginevyo.

"Nondo ya milimita 16 inaingia tundu lile lile la pini." Inaingia. Lakini nondo ina mbavu, na inagusa tundu kwa mbavu hizo tu, kwa hiyo inalila. Tazama tundu la soketi ya gari lililotumia nondo mwaka mzima: si duara tena, limekuwa yai, na kila unapoondoka au kusimama unasikia mlio. Ukiwa na kirefusho una matundu ya namna hiyo mara mbili. Pini halisi yenye klipu yake bei yake haifikii thamani ya mashine iliyopanda juu ya boti.

"Cheni za usalama hazifiki, tumezifunga kwenye kirefusho." Basi kirefusho kikichomoka, kitaondoka na cheni zake. Cheni zifungwe kwenye soketi yenyewe au kwenye chesisi, zipishane chini ya mkono ili zinapodondokewa ziupokee, na zikiwa fupi zinunuliwe ndefu.

Baada ya kukataa haya yote, nadaiwa jibu kwa yule mwenye boti aliyesimama ufukweni maji yakiwa mbali. Shida yake ni halali. Maji ya chumvi yakiingia kwenye bearingi za nyuma, breki na difu ya gari, hayatoki kwa kusuuza tu. Kwake kuna njia tatu, na nazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni kamba. Tela liwe na gurudumu dogo la mbele, gari lisimame kwenye ardhi ngumu juu ya mstari wa maji, tela lishushwe kwa mikono huku kamba nene ikilizuia, na lipandishwe kwa kamba hiyo hiyo gari likivuta taratibu, watu wote wakiwa wamesimama kando na si kwenye mstari wa kamba. Mchanga ukiwa laini mno, mbao mbili chini ya gurudumu dogo zinatosha. Wavuvi wa pwani hii huvuta vyombo vizito kuliko hivyo kwa mikono na magogo, hakuna jipya hapo.

Ya pili ni kuurefusha mkono wa tela. Fundi aweke bomba la pili ndani ya lile la kwanza, linaloteleza na kufungwa kwa pini mbili, ili barabarani liwe ndani na majini livutwe nje. Hata ukiurefusha moja kwa moja, hesabu iko upande wako. Tela lile la kilo 800 ambalo kitovu cha uzito kiko sentimita 35 mbele ya ekseli, mkono ukiwa mita 3.5 kutoka ekseli hadi tufe, hukandamiza tufe kwa kilo 80. Ufanye mita 4.5, zinakuwa 62. Soketi inapumzika na tela linatulia zaidi. Gharama yake ni kwamba mkono wenyewe, pale unapotoka kwenye fremu ya tela, unapindwa zaidi kuliko mwanzo, kwa hiyo hapo ndipo unene wa chuma unapohitajika kweli, pamoja na vipande viwili vya kuushikilia kutoka pembeni. Na kwa kuwa uzito kwenye tufe umepungua, urudi tena kwenye mzani uone kama bado unatosha.

Ya tatu, na ya mwisho, ni kirefusho cha gari: kifupi kadiri inavyowezekana, kilichotengenezwa kiwandani chenye namba yake, kwa tela ambalo uzito wake hauzidi nusu ya namba ya soketi. Kichomekwe ufukweni, kishushe boti, kitolewe, na tela lirudi kwenye mahali pake pa kawaida kabla gari halijagusa barabara. Kwa mwenye nguzo ndefu au mlango unaogonga, jibu si hili. Abebe nguzo juu ya kichanja, aisogeze jeki ya tela pembeni.

Mafundi wa kuchomelea wa Mtwara wana uwezo wa kuifanya hiyo kazi ya pili vizuri. Nawaomba wao na wateja wao jambo moja: mtu akija na gari akitaka lichomelewe bomba nyuma, mwambieni akalete tela.